Radhi ya Kiwiko

Shangazi mtu hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa chumba cha ushauri kwa bega, mkoba kwapani, huku akimvuta binti wa kaka yake kwa mkono wa gauni.

"Huyu hapa," alisema kabla hajaketi. "Mrekebishe. Jumatatu anatakiwa kuomba radhi mbele ya watu, na aombe kama mtu, si kama anayesoma tangazo ukutani."

Aliyeburutwa hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, kola yake imechomekwa pini za kushonea. Kiwandani walimwita Pindo kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la sketi likanyooka kama lake, na jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Alisimama katikati ya chumba, viganja masikioni, akiikodolea macho taa ya dari.

Mshauri naye aliinua macho. Taa ile ndefu nyeupe ilikuwa ikivuma kama nyuki aliyenaswa chupani. Alishaizoea kiasi kwamba hakuisikia tena. Aliinuka, akaizima, akafungua pazia upande mmoja ili mwanga wa nje uingie. Mikono ya Pindo ilishuka polepole.

"Ndivyo vituko vyenyewe hivyo," shangazi alisema. "Na wewe unaanza kumdekeza."

Akaeleza kisa chote kwa pumzi moja. Pindo alikuwa akishona sare za shule katika kiwanda kimoja tangu usichana wake, bila kelele na mtu. Kisha akaja msimamizi mpya na mambo yake ya kuchangamsha kazi. Alifunga spika kubwa juu ya safu ya cherehani, muziki ukawa unapigwa tangu asubuhi. Tena akataka kila fundi amkumbatie jirani yake kabla ya kuanza kazi. Pindo aliomba kuhamishwa, akakataliwa. Akaziba masikio kwa pamba. Siku moja msimamizi akamjia kwa nyuma, akiwachekea wenzake, akamchomoa pamba zile kwa vidole vyake mwenyewe. Pindo alimsukuma. Msimamizi akaangukia meza ya pasi, kiwiko kikaungua. Kiwanda kikasema: aje aombe radhi mbele ya wote, amtazame usoni, na aje na mshauri wa kumtuliza hasira. La sivyo, kazi hana.

"Na aliyemchomoa pamba masikioni ataomba radhi lini?" mshauri aliuliza.

Shangazi alimtazama kama aliyeulizwa rangi ya upepo. "Kwani wewe uko upande gani?"

"Upande wa aliyeletwa hapa. Naomba utuachie chumba, mama."

Shangazi alitoka. Mlango ndio uliosema yaliyokuwa moyoni mwake.

Mshauri hakukaa mbele ya Pindo. Alisogeza kiti chake pembeni, wote wawili wakawa wanalitazama dirisha, akanyamaza. Hatimaye Pindo alisogea kwenye pazia, akaushika upindo wake uliokuwa umefumuka, akachomoa pini moja kolani na kuanza kuukunja upya.

"Kila mtu ananiambia nipumue," alisema akilitazama pazia. "Vuta pumzi, toa pumzi. Mimi nimeshapumua. Nina miaka yote hii napumua."

Mshauri alicheka.

"Usicheke. Sijatania."

"Samahani."

"Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mama mmoja kama wewe, ana chumba kama hiki. Alinifundisha kukalia mikono yangu ili nisiichezeshe. Nikimtazama machoni, ananipa biskuti. Nikiangalia pembeni, anairudisha kwenye kopo." Pini ilizama kwenye kitambaa. "Nilikuwa mtoto au mbwa?"

Mshauri alipandwa na hasira ya mtu anayelijua vizuri kopo lile, maana chuoni walimfundisha mtindo ule ule na kuuita msaada. Kisha akaanza kuuliza: unalala vipi? Chakula gani kinakushinda? Nguo gani zinakuwasha? Mgongo unakuuma ukikaa kwenye cherehani? Nani anakugusa bila wewe kutaka?

"Nimeletwa kwa sababu ya hasira," Pindo alisema. "Mgongo unauuliza wa nini?"

"Hasira haikai kichwani peke yake. Mtu asiyelala, anayepigiwa muziki utosini kutwa nzima, anayekumbatiwa kwa lazima, ningeshangaa kama asingemsukuma mtu. Sitakufundisha kuwa mtu mwingine. Ubongo wako haujaharibika, umeumbwa kwa namna yake. Hali hiyo inaitwa usonji. Uliwahi kuambiwa?"

"Niliambiwa nisiseme."

"Basi wewe unataka nini?"

Pindo alifika mwisho wa pazia. Hakujibu, na saa yao ilikuwa imekwisha.

Siku mbili tatu baadaye mshauri alikwenda nyumbani kwao, kwa maana alizoea kutazama mahali mtu anapoishi kabla ya kumwambia aishi vipi. Televisheni ilikuwa inapayuka sebuleni bila mtazamaji. Chumbani kwa Pindo nguo zote zilikuwa zimekatwa lebo za shingoni, na kitandani kulikuwa na jora zima la kitambaa cha jinzi, zito kama gunia.

"Hilo analilaza juu ya miguu yake," shangazi alisema kwa fedheha. "Kila nikiliondoa, analirudisha. Mtu mzima analala na jora!"

"Analala vizuri likiwapo?"

"Kama maiti."

"Basi liache. Uzito unamtuliza. Na hiyo televisheni, kama hakuna anayeitazama, izime."

Shangazi alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. "Sikiliza nikuambie. Dunia haitamzimia taa. Dunia haitamzimia televisheni. Nilikuleta umfundishe kuishi na watu, sasa unanifundisha mimi kuishi na yeye?"

"Ndiyo! Maana umemlea kama kosa la kusahihishwa! Kila anachofanya ili apate nafuu, wewe unakiita vituko. Umemnyima hata jina la hali yake!"

Maneno yalimtoka mshauri kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kazini.

"Mimi ndiye niliyemlea!" Shangazi alijipiga kifuani. "Kaka yangu alipokufa, mama yake akaolewa kwingine, nani alibaki? Wewe na vyeti vyako ulikuwa wapi alipokuwa akipiga kichwa ukutani, na majirani wakisema ana pepo? Nilimfundisha kuwatazama watu, nilimshika kidevu hiki hapa kila siku, 'nitazame, nitazame,' ili wasimcheke. Na nikifa mimi kesho, nani atamvumilia? Wewe?"

"Hahitaji kuvumiliwa. Anahitaji—"

"Nyamazeni wote wawili."

Pindo alikuwa mlangoni. Alikuwa akivisugua vidole vyake kimoja kimoja, haraka haraka, na alikuwa akiitazama kapeti.

"Shangazi, unasema kama sipo," alisema. "Na wewe mshauri pia. Uliniuliza nataka nini, halafu hukungoja nijibu. Mimi huchelewa kujibu. Sasa najibu. Jumatatu nitakwenda, nitasema mwenyewe. Wewe utakuja kwa sababu wamesema uje, lakini utakaa kimya."

Masikio ya mshauri yaliwaka moto. Hata njiani kurudi aliendelea kujipangia hotuba ambayo angemsomea msimamizi, hotuba nzuri, kali, iliyojaa haki. Ilimchukua mpaka kituo cha basi kukubali kwamba hotuba ile alikuwa ameshakatazwa kuitoa.

Jumatatu mafundi walisimamishwa nyuma ya cherehani zao, safu kwa safu, na shangazi na mshauri wakapewa viti vya mbele. Chumba kilinuka mvuke wa pasi na mafuta ya mashine. Muziki ulikuwa umepunguzwa, haukuzimwa. Msimamizi, kijana nadhifu mwenye bandeji kiwikoni, alishika kipaza sauti kama mshereheshaji wa harusi.

"Leo ni siku ya upatanisho," alisema. "Sisi hapa ni familia moja."

Alimnyooshea Pindo kipaza sauti. Pindo hakukipokea. Alisimama kando ya cherehani yake ya zamani, ambayo tayari ilikuwa na fundi mwingine, akaweka mikono juu ya meza na kuitazama cherehani.

"Nasikitika kiwiko chako kiliungua," alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare, lakini ilifika mpaka nyuma. "Kuungua kunauma. Kwa hilo naomba radhi. Kukusukuma sisikitiki. Ulitia vidole vyako masikioni mwangu. Nilikuwa nimekuomba kwa maneno, mara nyingi, ukakataa."

Mtu mmoja alicheka chini chini, kisha akajikohoza. Uso wa msimamizi ulibadilika.

"Unaiomba radhi cherehani?" alisema. "Hatukukubaliana hivyo. Nitazame ninapozungumza nawe." Akaja karibu, akamshika Pindo kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza uso.

Mshauri aliinuka. Alikuwa ameahidi kukaa kimya na alikuwa tayari kuvunja ahadi. Hakuwahi. Mkoba wa shangazi mtu ulipita hewani na kutua juu ya mkono wa msimamizi kwa kishindo kilichowafanya mafundi wa mbele warudi nyuma.

"Toa mkono wako! Toa mkono wako kwa mwanangu!"

"Mama, tulia," msimamizi alisema akijishika kifundo cha mkono. "Mimi namsaidia tu atazame watu. Kwa faida yake mwenyewe."

Shangazi alimtazama msimamizi, akavitazama vile vidole vyake viwili, na mkoba ukaning'inia mkononi mwake kama kitu asichojua ni cha nani.

Safu zote zile za mafundi, watu waliokula pamoja na Pindo miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyemtetea. Walitazama meza zao. Pindo alifungua droo ya cherehani, akatoa mkasi wake na mto wake wa kukalia, akatoka nje bila kukimbia.

Walimfikia getini. Jua lilikuwa kali, malori yalikuwa yanapita, na Pindo alikuwa akitembea mbele huku kaupakata mto kifuani.

"Amekushika kama..." shangazi alianza.

"Kama wewe," Pindo alisema bila kugeuka. "Wewe ulikuwa unabana zaidi."

"Nilidhani nakusaidia, mwanangu."

"Na yeye amesema hivyo hivyo."

Akaongeza hatua. Shangazi aliinua mkono kumwita, kisha akaushusha. Alisimama ukingoni mwa barabara akilia kwa hasira, akimtukana msimamizi, akimtukana marehemu kaka yake aliyemwachia mtoto bila kumwachia maelezo, na mwisho akajitukana mwenyewe, mpaka mwenye duka la karibu akatoka kutazama kuna nini. Mshauri alisimama naye. Hakuwa na la kumwambia, na kwa mara ya kwanza juma lile hakulitafuta.

Kazi ilikatika siku hiyo hiyo. Mshauri alitaka jambo lile lifike ofisi ya kazi, alilitaka kwa udi na uvumba, lakini safari hii aliuliza, kisha akangoja. Alingoja mpaka siku iliyofuata ndipo Pindo akajibu: ndiyo, lakini nitaeleza mwenyewe, na feni ya ofisi ile izimwe kwanza. Ilizimwa. Alieleza. Ofisa alisikiliza, na baada ya vuta nikuvute ya miezi, kiwanda kiliamriwa kumrudisha Pindo kazini.

"Kurudi kule?" Pindo alisema. "Chini ya spika ile? Kwa familia ile moja?" Akakataa.

Wakati huo alikuwa ameshapata kazi kwenye karakana ya kushona mapazia, ambako mwenye karakana mwenyewe huzungumza mara mbili kwa siku, akifika na akiondoka. Kiwandani spika haikuondolewa. Msimamizi alipandishwa cheo.

Shangazi alikuja kwa mshauri peke yake, akabisha hodi.

"Sijaja kurekebishwa," alisema akiwa bado amesimama. "Nataka kujua jambo moja. Akisema nisimguse, nifanyeje?"

"Usimguse."

"Basi?"

"Basi."

Shangazi aliketi, akauweka mkoba mapajani, akaanza kueleza jinsi majirani walivyomsema miaka ile yote, na alipoondoka sauti ilikuwa imemkauka. Nyumbani hawakupatana kwa siku moja. Kulikuwa na wiki nzima nzima ambazo Pindo alikula chumbani kwake, na shangazi aliacha sahani mlangoni na kwenda zake bila neno, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko kubeba mawe.

Pindo aliendelea kuja kila Alhamisi. Siku moja aliingia, akakaa kwenye kiti chake cha pembeni, akatazama dirishani kwa muda.

"Bado nina hasira," alisema.

"Na nani?"

"Na msimamizi. Na wale waliotazama meza zao. Na mama wa biskuti. Na shangazi, lakini yake inapungua." Akasugua vidole. "Na wewe. Ulinisemea."

"Ni kweli," mshauri alisema. "Tuanze na ipi?"

Pindo alifikiri. Mshauri alingoja.

"Na yako," Pindo alisema. "Ni fupi."