Jiko Lililopanda Basi

Asubuhi ya safari, kabla hajavaa viatu, mchora ramani alimshika mumewe mkono akamtembeza jikoni kama mgeni. Alimwonyesha chujio la chai lilipo. Alimwonyesha kopo la chumvi na kopo la sukari, yasije yakachanganywa, na kile kisanduku chenye vijumba vidogo alimopanga dawa za mama mkwe, za asubuhi na za jioni. Mwisho alimwonyesha swichi ya kulia ya jiko la gesi, ambayo haizimiki mpaka uibonyeze huku umeivuta kidogo kushoto. Alikuwa ameomba itengenezwe tangu mwaka juzi. Mumewe aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye simu.

"Nenda ukapumzike, mama watoto," alisema. "Nyumba haihami."

Safari hiyo waliahidiana walipokuwa wasichana wa bweni moja: yeye, muuguzi na mwalimu, marafiki wa kufa na kuzikana. Wangebeba mabegi mgongoni, wapande basi la watalii, waizunguke nyika yote mpaka kwenye maporomoko. Lakini kila mwaka ulikuja na harusi yake, au mimba, au msiba, au mitihani ya watoto wa mwalimu. Mchora ramani ndiye aliyeyataka maporomoko yale kuliko wenzake. Katika ofisi ya upimaji alikofanya kazi, alikuwa ameyachora kwenye kila toleo la ramani ya nyika ile: vistari viwili vifupi vinavyoukata mto, halafu kalamu inaendelea na safari yake. Alitaka kuyaona kwa macho. Hilo tu, na hata hilo alilisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba kuongezwa mchuzi kwenye nyumba ya watu.

Basi liliwateremsha jioni kwenye kambi ya kwanza, uwandani, majani yakiwafika magotini. Kiongozi wa safari, kijana mwenye filimbi shingoni na mwenye kupenda utaratibu, alimgawia kila mtu hema lake. Mchora ramani alisimika lake vizuri, akagonga vigingi, akaivuta zipu. Ndani lilikuwamo jiko lake la nyumbani.

Taa ilikuwa inawaka. Bomba lilikuwa linadondoka vilevile. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mama mkwe karibu na dirisha, shali mabegani.

"Chujio umesema liko wapi?" mumewe aliuliza.

"Kabati la juu, nyuma ya mabakuli."

"Aa. Basi kwa kuwa umeshafika, tuchujie."

Aliinama, akavua viatu mlangoni, akaingia, akawachujia. Muuguzi alichungulia kumtafuta, akaamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akashusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa nawaza usiku huu tutakula biskuti." Wakala wali wa moto, yeye na mwalimu, wamekaa nje ya hema na sahani mapajani, wakitazama jua likizama nyuma ya vilima. Walisema lilikuwa jua la ajabu. Dirisha la jiko lilitazama ukuta wa jirani, kama lilivyotazama siku zote, na ukuta ule haukuwa na machweo.

Kiongozi wa safari alikuja kukagua. Alisema hema ni la mtu mmoja na moto hauruhusiwi kwenye majani makavu. Alipoelezwa kwamba jiko, kwa haki, liko mjini, alifikiri kidogo akasema sawa, ilimradi wasimwage maji machafu nje.

Kesho yake mchora ramani alidhani jambo lile ni la hema tu. Basi lilikuwa na choo nyuma, chenye kimlango chembamba. Watu wote walikifungua wakakuta choo. Alipokifungua yeye, alimkuta shemeji yake, mdogo wa mume, amefika kusalimia na bado hajanywa chai.

Haukupita muda abiria wakalizoea. Mzee mmoja wa viti vya mbele, mstaafu wa benki, alikuja nyuma akiyumba na kikombe chake mkononi. "Binti yangu, tufungulie," alisema kwa adabu. Nyuma yake palikuwa na foleni. Mwalimu, ambaye hata safarini hakuacha kupanga watu mistari, aliwataka wasisukumane. Kiongozi wa safari akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kampuni yao, tofauti na nyingine, ina chai ya saa nne. Walipofika kwenye korongo kubwa lile ambalo watu huvuka bahari kwenda kulitazama, mchora ramani alikuwa anasugua masufuria. Alisikia basi likisimama, akasikia wenzake wakishuka, halafu kimya, kile kimya cha watu wengi wanaokosa neno. Alipojifuta mikono na kutoka, walikuwa wanapanda tena.

"Hukuliona?" muuguzi alimuuliza. "Pole, shoga. Lakini si kitu, ni shimo tu."

"Kesho, mkifika ziwani, ingia wewe jikoni. Nikishakufungulia nitoke."

"Mimi? Mama mkwe wako atasema ninapika kama niko hospitali." Alicheka, akamkumbatia. Alimpenda kweli, na hakuingia.

Ziwa nalo likapita hivyohivyo. Alijaribu kila njia. Alibadilishana hema na mwalimu. Mwalimu akalala salama kwenye hema la mchora ramani, na yeye alipofungua la mwalimu, mama mkwe akamuuliza kwa nini amechelewa. Aliamua kulala nje, juu ya turubai, mbali na kila kitu chenye mlango. Baridi ilipomzidi alifungua begi lake la mgongoni kutoa sweta. Mvuke ulitoka, na harufu ya vitunguu, kisha mkono wa mama mkwe, kiganja wazi, ukisubiri.

"Kidonge cha jioni kimo kijumba cha kulia, mama," alisema.

"Wewe nipe tu, mwanangu. Ukinipa wewe ndio nameza vizuri."

Akaingiza mkono kwenye begi lake mpaka begani, akapapasa rafu, akampa. Hakuwa na hasira na yule bibi. Alikuwa na hasira, lakini hakujua aishike wapi, maana kila aliyemgusa alikuwa na sababu yake na sababu yenyewe ilikuwa ndogo. Nani atamkasirikia mtu kwa kuomba kidonge? Chai? Chujio? Alilala macho juu ya turubai, nyota zote ziko wazi, akiwaza kama yaliyomo kwenye friji yatatosha watu wote wa basi.

Asubuhi moja zipu ilisahauliwa wazi, tumbili akaingia jikoni akachukua mkate. Mama mkwe alimfukuza kwa mwiko, na tangu hapo akasema nyika haina maana, ni wezi watupu. Hayo ndiyo matembezi yake yote.

Siku ya maporomoko ilikuwa ya mwisho. Mchora ramani alipiga moyo konde. Aliingia hemani kabla ya jua, akapika vya siku nzima, akajaza chupa za chai, akaweka dawa kwenye kisahani na glasi ya maji pembeni. Mumewe alikuwa bado anakoroma chumba cha pili. Akatoka, akafunga zipu, akaifunga na kamba kwa nje, fundo juu ya fundo. Alivaa gauni la vifungo na viatu vya kamba. Begi aliliacha kwenye basi. Hakubeba hata pochi, kwa kuwa pochi nayo ina mdomo.

Njia ilipanda ndani ya msitu. Wenzake walimtania jinsi anavyokwenda mikono mitupu kama aliyefukuzwa, naye akacheka nao, kicheko ambacho mwalimu alisema hajakisikia tangu bwenini. Akawapita. Akampita na kiongozi wa safari, ambaye alimpigia filimbi arudi kwenye mstari, naye hakurudi. Alianza kuyasikia maporomoko kwenye nyayo kabla hayajafika masikioni. Kisha yakamfika masikioni. Kisha rasharasha zikamgusa uso, na majani yote ya njiani yalikuwa yanatikisika taratibu bila upepo. Palibaki kona moja, jiwe kubwa lililoota ukungu wa kijani. Alikuwa na furaha. Alijua ni furaha kwa sababu aliiogopa.

"Mama watoto."

Mumewe alikuwa nyuma yake njiani, amevaa fulana ya ndani na kandambili, anahema, mkononi ana mfuniko wa sufuria.

"Nilifunga," alisema mchora ramani.

"Ulifunga kwa nje. Kwa ndani inafunguka." Alishika kiuno apate pumzi. "Sikiliza. Nilitaka kukusaidia. Nikabandika maharage ya mchana, ukirudi ukute tayari. Sasa yameungua, na ile swichi ya kulia haizimiki. Moshi umejaa. Mama anakohoa."

"Ibonyeze, uvute kushoto. Nilikuonyesha."

"Nimebonyeza mpaka kidole kimevimba. Ile swichi inaujua mkono wako tu."

"Umemwacha mama ndani?"

"Amekataa kutoka. Anasema nje kuna tumbili."

Mchora ramani alilitazama lile jiwe. Hatua chache tu. Angeweza kuzipiga na kurudi kabla mumewe hajamaliza kuhema. Lakini kifua cha mama mkwe alikuwa anakijua kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekisikiliza usiku kwa miaka yote, na sasa, katikati ya ngurumo ile yote, alikisikia kikikwaruza. Alitaka kulia. Alitaka kumpiga mtu kwa ule mfuniko. Aliuchukua mfuniko, kwa kuwa ungehitajika, akageuka.

"Nenda tu," mumewe alisema akiketi kwenye mzizi. "Mimi magoti haya hayawezi kushuka mbio. Nitakuja polepole."

Alishuka akiwapita wenzake waliokuwa wanapanda. Muuguzi alimuuliza kulikoni, akaambiwa moshi, akasema pole na kumpisha njia. Hemani alizima jiko kwa mkono mmoja, akafungua dirisha kwa mwingine, akamwinua mama mkwe, akamsugua mgongo, akamnywesha maji. Kikohozi kilipotulia alikwangua sufuria. Ukuta wa jirani ulikuwa na doa jipya la unyevu, akalitazama kwa muda.

Alipotoka ili apande tena, filimbi ililia. Walikuwa wanashuka wote pamoja, wamelowa, wanaongea kwa sauti kubwa kama watoto waliotoka mtoni, na katikati yao mumewe, ameshikwa bega na mstaafu wa benki. Mwalimu alikuwa amempiga picha akiwa amenyoosha mikono kwenye ukingo.

"Nilipoona umekawia," alimwambia mkewe, "nikasema ngoja nisogee pale mbele kidogo, nikusubiri." Uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Kumbe pazuri namna hii!"

"Basi linaondoka," kiongozi wa safari alisema. "Ratiba ni ratiba, dada. Mahema yakunjwe."

Mumewe alipitia hemani kabla halijakunjwa, kwa hiyo aliwahi nyumbani kabla ya basi kuwasha injini. Mchora ramani alirudi kwa barabara, siku nzima na kipande cha usiku, akifungua kimlango cha nyuma kila mtu alipotaka chai. Waliachana kituoni kwa kukumbatiana. Mwalimu alisema hajawahi kupumzika hivi, lazima mwakani warudie, na kiongozi wa safari akasema mchora ramani akikubali kuja tena kampuni itamwekea kiti karibu kabisa na kile kimlango.

Nyumbani sebule ilikuwa imejaa. Majirani walikuwapo, na shemeji, na mama mkwe kwenye kiti chake, mzima, amepata hamu ya kula. Mumewe alikuwa amesimama katikati anaeleza. Alieleza ile njia ya msituni, rasharasha, na jinsi ardhi inavyotetemeka mpaka mtu anahisi moyo si wake. Alieleza vizuri. Mchora ramani aliweka begi chini, akapitiliza jikoni, na alipoleta chai alisimama mlangoni na sinia, akisikiliza kwa makini asikose neno, maana hapo ndipo alipokuwa anayapata maporomoko yake.

"Mama watoto karibu," mumewe alisema, akamalizia sentensi yake. "Basi ndiyo hivyo. Maji yanatoka juu huko, yanashuka."

"Yanashuka moja kwa moja?" mchora ramani aliuliza. "Au yanagonga mwamba katikati?"

Jirani mmoja alicheka. "Shemeji, si mlikuwa wote?"

"Tulikuwa wote," mumewe alijibu, akifikiri kwa dhati, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Mwamba sikuuangalia, mke wangu. Niliangalia maji."

"Haya," alisema mchora ramani.

"Umepumzika vya kutosha, mwanangu," mama mkwe alisema, akinyoosha mkono upande wake, kiganja wazi. "Karibu tena kazini."

Akashusha sinia, akawauliza wageni nani anatumia sukari.