Bolti Ndefu

"Bolti hiyo imegota, haijakaza," Laurean alisema.

Omary, fundi magari, alikuwa chali chini ya gari, spana mkononi, akifunga sampo mpya, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi. Laurean, mchomeleaji wa kibanda cha jirani hapo Kwa Mathias, Kibaha, alikuwa amechuchumaa akichungulia.

"Sampo ya plastiki ilikuwa na ukingo mnene," aliendelea. "Hii ya chuma ni bati tu. Bolti zilezile zitagonga mwisho wa tundu kabla hazijaibana. Tafuta fupi."

"Najua."

Mkono wake ulijua kweli. Bolti inayokaza huja polepole, inadai nguvu kidogo kidogo. Hii ilisimama ghafla kama mtu aliyekutana na ukuta. Lakini kufundishwa giaboksi na mchomelea mageti! Omary alikuwa na ugonjwa huo wa kutokubali kuambiwa, na ndio uliomrudisha mkewe Naila kwao Kisarawe miezi saba iliyopita. Naila alimwambia paa linavuja, akasema najua. Alimwambia mtoto ana homa siku ya tatu, akasema najua. Hata siku alipofunga virago na kumwambia, "Baba Hamidu, nakwenda kwa baba," naye, Mungu amsamehe, alijibu vilevile.

Sasa wazee walikuwa wamekaa wakayamaliza. Kwa mila yao, mke aliyeondoka kwa hasira harudi mwenyewe. Baba yake ndiye humrudisha. Mzee Mwinyijuma angemleta Jumamosi kwa gari lake, hilihili la Kijerumani ambalo sampo yake ilikuwa imepasuka. Omary aliomba mwenyewe kulitengeneza. Alitaka mkwe aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hivihivi.

Akazungusha bolti zilezile zote mpaka zikagoma, akajaza mafuta ya haidroliki, akawasha. Halikudondosha hata tone.

"Umeona?" alimwambia Laurean.

Jumamosi saa nne asubuhi simu iliita. "Mwanangu, tumekwama," alisema Mzee Mwinyijuma. "Hata Kiluvya hatujafika."

Omary alikwenda kwa bodaboda. Aliliona gari kando ya barabara, na nyuma yake mstari wa mafuta uliopotelea kwenye kona. Harufu ya giaboksi iliyoungua ilimpokea kabla ya mtu yeyote. Naila alikuwa amekaa kivulini na Hamidu amelala mapajani. Alikuwa amepaka hina mikononi, na Omary alipoiona alitamani ardhi impasukie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa usumbufu."

Mkwe hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali.

Omary alijilaza chini ya gari. Hakuna bolti iliyokubali kugeuka tena, lakini sampo yenyewe ilicheza vidoleni mwake kama jino la mtoto. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipotoka, Naila alikuwa amesimama mbele yake, mtoto begani.

"Hakuna aliyekuambia?"

Angeweza kuwasingizia wauza vipuri. Mzee angeamini.

"Laurean aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

Omary alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. Naila akamgeukia baba yake.

"Baba, umetimiza lako. Usinilete tena."

"Naila, mwanangu, Kibaha ni hapo tu. Tuchukue bodaboda."

"Wewe baki na gari lako, baba, mimi narudi nyumbani."

Akavuka barabara na mtoto wake, akasimama upande wa magari yaendayo Kisarawe. Mzee Mwinyijuma aliinama kulishika begi la binti yake, akajishika kiuno, akaliacha. Hapakuwa na mtu mwingine wa kulibeba. Omary aliliinua, akavuka nalo hadi pale aliposimama mkewe. Naila hakumtazama, alikuwa amenyoosha mkono kusimamisha gari.

Begi lilikuwa zito sana. Asubuhi ile Naila alikuwa amefungasha kila kitu, aje kukaa.