Jicho la Kushoto la Mama

Siku Baba alipofariki, Mama alikuwa shambani akikata majani ya miwa ya kulisha ng'ombe. Kaka yangu Mubarak alimwita kutoka barabarani, na jinsi alivyoita ilitosha. Mama hakufuata njia. Alikatiza katikati ya miwa akikimbia, na jani moja likamchapa jicho la kushoto. Alifika nyumbani amelifunika kwa kiganja. Kila mtu pale alikuwa akilia, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza.

Tulimzika Baba kabla ya jua kutua, nyuma ya nyumba yetu hapa Mayoni. Mama akaingia eda, asitoke bomani mpaka muda wa mjane uishe. Waliokuja kutoa pole walimtazama na kusema, "Kulthum, punguza machozi. Macho yameisha."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai. Nilimkuta amegeukia ukuta, na nikifungua dirisha anavuta leso usoni haraka. Jicho la kulia lilikuwa limechoka tu. La kushoto lilikuwa jekundu, limevimba, kope zimeshikana kwa usaha. Nikajiuliza ni nani huomboleza kwa jicho moja.

Chini ya mto alificha chupa ya Baba, ile ya matone aliyopewa mwaka jana alipotolewa mtoto wa jicho.

"Mama, hiyo dawa ni ya zamani."

"Ni ya baba yako. Nikiitia, wekundu unapungua."

"Na maumivu?"

Aliirudisha chupa chini ya mto.

Shangazi Aminah, dada yake Baba, alisikia kutoka jikoni. "Mwite Jescah wa jirani, ananyonyesha. Matone mawili ya maziwa yake, kwisha."

"Shangazi, hilo si jicho la kutiwa maziwa. Tumpeleke hospitali."

"Mjane wa ndugu yangu apande pikipiki na kaburi halijakauka? Laila, watu wa Mumias watakunywa hiyo habari na chai."

"Hata mimi siendi," Mama akasema. "Niacheni nikae eda ya mume wangu."

Asubuhi iliyofuata niliona doa jeupe kwenye mboni, dogo kama chembe ya unga. Nilidhani ni usaha. Alipopepesa macho, halikusogea.

Shangazi alikuwa ameketi mbele yake akichambua kunde, magoti yao karibu yagusane. Nikamwambia Mama afunike jicho la kulia.

"Sasa niambie, nani yuko hapa?"

Aligeuza uso huku na huku. Kisha akasema, "Ni wewe tu. Aminah alitoka?"

Mikono ya Shangazi ilisimama juu ya mboga.

"Wifi," alisema polepole, "niko hapa."

Aliinuka, akaliondoa buibui la Mama msumarini, akaanza kumvisha mwenyewe. Mama alishika kitanda.

"Eda yangu, Aminah."

"Eda haikatazi mgonjwa kutibiwa. Utarudi uimalizie. Wakiuliza waje kwangu, na waje wameshiba, kwa sababu sitawapikia."

Katika kliniki ya macho mjini Kakamega, daktari alimtia Mama rangi ya manjano machoni, akammulika. Alipomaliza alinyoosha mkono kuomba ile chupa ya Baba, ambayo Mama alikuja nayo kiganjani, na Mama hakuiachilia.

"Mama, jani lilichana kioo cha jicho, na fangasi wakaingia," daktari alisema. "Dawa hii ilimfaa mzee baada ya upasuaji. Kwako inafuta wekundu tu, na chini yake inawapa fangasi nguvu."

"Jicho litapona?"

"Mngengoja kidogo tu, lingetoboka. Sasa tutapigana. Jicho likiwa jekundu, linauma, linakimbia mwanga na lina doa, msingoje. Na chupa ya mtu mmoja isiingie jicho la mwingine, hata kama ni mumewe."

Mama alifungua vidole kimoja kimoja.

Alilazwa. Dawa ilitiwa kila saa, na kila mara muuguzi alipofunua jicho nilitazama kwanza lile doa, kama limepanuka. Kwa muda mrefu lilibaki vilevile. Kisha likaanza kupungua.

Jicho halikutolewa. Limebaki na kovu, na kwa jicho hilo Mama anaona kwamba kuna mtu, lakini haoni ni nani. Alirudi nyumbani akaendelea na eda. Namtilia matone baada ya kunawa mikono kwa sabuni, na taulo lake la uso haligusi mwingine.

Majani ya ng'ombe sasa nakata mimi, na navaa miwani ya plastiki.