Basi la Bure la Kandara

Basi lile liliingia mtaani kwetu Kandara kimya kimya, kama mume aliyelala nje akirudi nyumbani alfajiri. Halikuwa na moshi wala ngurumo. Ubavuni walikuwa wamelichora majani, na ndani kulikuwa na baridi ya kugandisha siagi. Wakubwa wa mji wa Jeddah walikuwa wanajaribu: tubebwe bure kwa umeme miezi kadhaa, waone kama tutayaacha magari yetu yanayochafua hewa. Magari yetu! Mimi gari langu ni malapa.

Aliyelifurahia kuliko wote ni Beldina, jirani yangu, ambaye miguu yake huvimba ikiguswa na jua. Alikuwa anapangusa sakafu katika kliniki moja mbali na kwetu. Zamani alienda kwa miguu, akachelewa mpaka msimamizi akamwambia, ukirudia, halas, kazi imekwisha. Basi lilipokuja akawa anafika kabla mlango haujafunguliwa.

"Dani," aliniambia, maana hapa mimi ni nyanya wa kila mtu, "hili likiondoka, na mimi nimeondoka."

"Nani ataondoa kitu kizuri?"

"Mwenye nacho."

Basi Elly, mtoto wa dada yangu, akapiga simu kutoka Riyadh. Yeye huko ni dereva wa injinia mmoja wa mradi huo wa mabasi. Ana bahati, kwa sababu siku hizi madamu wanajiendesha wenyewe na madereva wetu wengi wamebaki mtaani Batha wakihesabu nzi.

"Mama mkubwa, Alhamisi tunakuja huko. Bosi atasimama kituoni asubuhi ahesabu abiria. Likijaa, linabaki. Likiwa tupu, linapelekwa mtaa mwingine."

Nikafurahi. Nikataka kutangaza. Beldina akanishika mkono.

"Usitaje kuhesabu, Dani. Ukitaja serikali hapa, hakuna mtu atakayetoka kitandani."

Kweli. Nusu ya mtaa wetu ikama zao, vile vibali vya kukaa, zilikufa zamani; kafili, tajiri aliyewaleta, hajui waliko, na wao hawataki ajue. Kwa hiyo nikapita chumba kwa chumba na uongo mtamu: Alhamisi kila mtu apande basi, azunguke, akirudi atakuta chapati kwangu. Mkenya na chapati ya bure! Hata walokole waliahidi kwa kiapo.

Alhamisi kituo kilijaa. Frankline, askari wa duka la simu, alivaa suti ya kanisani. Eucabeth alileta wenzake wote wa saluni. Nilisimama mbele na Beldina, nikijivuna kama mama wa bwana harusi. Basi likatokea kwenye kona.

Nyuma yake yakatokea magari mawili meupe. Wakashuka wanaume wenye vizibao vya kung'aa, vitambulisho shingoni, tableti mikononi.

"Jawazati!" sauti moja ikalia.

Ungefikiri Mungu amepuliza vumbi. Watu wa pasipoti hawangojwi. Suti ya Frankline niliiona ikiruka ukuta, na huyo ikama yake ni mpya kabisa! Nilipomuuliza baadaye alisema, "Dani, wote wakikimbia, wewe utasimama kusoma kitambulisho?"

Kituoni tukabaki vikongwe wawili, mmoja wa miaka, mmoja wa miguu.

Injinia, mkubwa wa wale wenye vizibao, akatutazama, akatazama basi tupu, akamwambia Elly maneno. Elly alikuwa kwenye usukani wa gari kubwa, injini ikinguruma ili bosi asipoteze ubaridi.

"Anauliza kwa nini watu hawapendi basi," Elly akasema, macho chini.

"Mwambie wanalipenda. Wamemkimbia yeye."

"Mama mkubwa, nikisema hivyo atauliza kwa nini wamemkimbia. Akijua sababu, kesho wanakuja jawazati wenyewe."

Nikamgeukia Beldina, kwa sababu neno lilikuwa lake.

Alitazama ukuta ule. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anakohoa na mwingine anamnyamazisha. Kisha akaitazama miguu yake.

"Mwambie tunapenda kutembea," akasema.

Elly akatafsiri. Injinia akatabasamu sana, akaandika, akampa Beldina mkono wa heshima.

Basi likaenda mtaa wenye mabustani, ambako kila nyumba ina magari matatu. Beldina akarudia kutembea, akarudia kuchelewa, na kabla joto halijapungua msimamizi akatimiza neno lake.

Juzi Elly alipiga tena. Anasema ripoti imepigiwa makofi Riyadh: wakazi wa Kandara wamechagua wenyewe kwenda kwa miguu, mfano wa kuigwa. Nikampa Beldina habari. Alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni.

"Kumbe wametusifu?"

"Wametusifu."

"Haya. Nisogezee chumvi."