Kamera na Salamu ya Baba

Mimi masomo ya mtandaoni sikuyataka, na sikuficha. Vyuo vilipofungwa mwaka ule wa corona, chuo chetu kilitutumia dodoso kikiuliza kama tunaridhia kusomea kwenye simu, nami nikajaza "hapana" kila palipokuwa na nafasi. Kumbe walikuwa wanauliza kwa adabu tu. Baadaye tuliletewa ratiba, na mbele ya kila kipindi kulikuwa na kitufe kimoja: Nakubali. Cha kukataa hakikuwepo.

Nilibonyeza, ningefanyaje? Somo la Takwimu nilikuwa narudia, na nikifeli tena ndiyo basi, chuo nimefukuzwa. Kwetu kijijini Sibwesa mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikahamia Mpanda mjini, mtaa wa Shanwe, kwa shangazi Nyanzala anayechoma maandazi mbele ya mlango wake.

Baba hakukielewa hicho chuo cha simu. Mzee Masunga ni mfugaji. Alisikia redioni kwamba shule zote zimefungwa, halafu majirani wakamjaza maneno kuwa binti yake yuko mjini anachezea simu mchana kutwa. Akamwambia shangazi kwamba atakuja kuona mwenyewe, na asiporidhika narudi naye Sibwesa, habari za chuo ziishie hapo. Siku ya kuja hakuitaja.

Akaja siku ya mtihani.

Masharti ya mtihani yalikuwa ya kikoloni. Ukae chumbani peke yako, usiseme, usigeuze kichwa, usitoke kwenye kiti. Msimamizi wetu, mwalimu Nathanael, alitutazama sote kwenye kioo cha simu, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Kosa la kwanza ni onyo, la pili unafungiwa mtihani. Mimi onyo langu nilishalipata mapema, kwa sababu jogoo wa jirani aliingia sebuleni nilipokuwa nimekaa, nikamtazama. Jogoo! Ningeweza kumchinja kwa meno.

Shangazi alikuwa mlangoni na karai lake, kazi yake kuzuia watu, na alikuwa anaiweza. Alimrudisha mama mchungaji, akawatimua watoto wa jirani. Mimi nilikuwa nimeanza kuchangamka na swali la nne niliposikia bodaboda inasimama nje, kisha shangazi akasema kwa sauti ya unyenyekevu ambayo hakuwa ameitoa kwa mtu yeyote siku ile, "Mwadila, kaka."

Mwadila ni salamu yetu Wasukuma ya mchana, na shangazi ana kaka mmoja tu, baba yangu.

Maji yakatiririka kwenye ndoo ya kunawia mikono. Shangazi alianza kubabaika. "Kaka, keti kwanza hapa nje upoe, ule andazi."

"Mtoto yuko wapi?"

Dada mdogo hawezi kumziba njia kaka yake. Nyayo zikaingia sebuleni, zikasimama kando, nyuma yangu kidogo.

Kwetu binti hangoji baba amsalimie. Anainuka, anapiga magoti, anasalimia yeye kwanza, ndipo baba anaitikia. Ukimkalia baba yako kimya umemtukana, tena tusi zito. Baba alikuwa anasubiri. Nilikaza macho kwenye kioo, na chini ya meza magoti yangu yalikuwa yanataka kushuka yenyewe.

"Doto."

Mwalimu Nathanael akainua kichwa, na maandishi mekundu yakatokea chini ya picha yangu: Nimesikia sauti. Uko peke yako?

Nikaandika, Anapita tu, mwalimu. Tafadhali.

Nakuangalia, akaandika.

"We Doto. Ni mimi baba yako."

Nilibana meno mpaka taya zikauma. Baba akasogea kidogo, na ukingo wa koti lake ukaonekana kwenye kona ya kidirisha changu. Akisogea tena nimekwisha. Na nikimwambia asisogee, nimekwisha vilevile.

"Corona ilitukataza mikono," alisema taratibu. "Na sauti nayo mmekatazwa?"

Machozi yalinidondokea kwenye karatasi ya majibu. Nilimchukia mwalimu, nikakichukia chuo, na zaidi ya wote nilijichukia mimi. Ila sikugeuka. Mwishowe pazia la mlangoni likatikisika na nyayo zikatoka nje.

Yaliyobaki sijui niliyaandikaje. Muda ulipoisha nilipiga picha karatasi zangu, nikazituma, nikakimbilia nje bila viatu. Shangazi alikuwa peke yake na maandazi yake.

"Yuko wapi?"

"Kaenda. Katoka humo kanuna, hata maji hajanywa. Kaniuliza, huyu mtoto kaingiwa na nini? Nikamwambia, kaka, hebu chukulia ananyolewa. Mwalimu wake kashika wembe huko huko aliko, na mtoto akigeuza shingo anakatwa."

"Akasemaje?"

"Kafunga koti lake. Halafu kasema hata wale wenzako humo kwenye simu kawaona wamekaza shingo vilevile, hakuna aliyecheka wala aliyepepesa. Basi, kapanda bodaboda yake."

"Hanichukui? Au ndiyo amenisusa, shangazi?"

Shangazi akanitazama, macho yake mekundu, na sidhani kama ni kwa moshi.

"Kasema ukimaliza kunyolewa nikwambie ameitikia."

Ameitikia. Salamu ambayo sikuitoa. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi, uso kuelekea barabara ya Sibwesa, nikasema kwa sauti, "Mwadila, baba," na wapita njia wakageuka kunitazama.