Moja na Nyota

"Moja na nyota, Zdislava! Hakuna mtoto Brno nzima asiyejua maana ya—"

"Nyota iko wapi? Nionyeshe hiyo nyota, Venda, maana mimi hapa naona—"

"—moja na nyota ndiyo juu kabisa, juu ya hapo ni Mungu tu na—"

"—naona moja! Moja kavu! Moja kama kijiti cha kuchokolea meno!"

Akanigeuzia skrini kwa nguvu, nusura amwage kahawa. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na bosi wangu hata koti hajavua. Kwenye skrini kulikuwa na ukurasa wa Mizani, ile tovuti ya ng'ambo inayokusanya alama za wahakiki wote wa gemu, inazitwanga pamoja, inatoa wastani mmoja. Mstari wa mwisho ulisema: *Kitufe, Brno. Alama 10 kwa 100.* Chini yake walikuwa wamenukuu hakiki yangu: *Sijawahi kuupenda msitu kiasi hiki.*

"Kumi kwa mia, na msitu kaupenda," Zdislava akasema. "Watu watadhani umeandika umelewa."

"Nilikuwa mkavu kabisa."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Kosa ni langu, sikatai. Ila nalo lina historia yake. Shuleni kwetu, huku kwa Wacheki, mwalimu anatoa moja mpaka tano. Moja unakimbia nayo kwa bibi akukatie keki. Tano unaificha chini ya godoro mpaka mama atandike kitanda. Na ukimfurahisha mwalimu akakosa cha kusema, anakuandikia moja halafu anachora nyota pembeni. Mimi nimewahi kuipata mara moja tu maishani, tena kwenye kuimba.

Sasa gazeti letu, *Kitufe*, linatoa alama kwa kumi kama magazeti yote, na mimi hizo kumi zimenichosha. Mtu amekaa miaka minne anachora majani ya mti, jani moja moja, halafu naambiwa nimfupishe kwa namba. Ndiyo maana huwa nazifanyia mzaha. Gemu moja ya vifaru niliipa makopo matatu ya dengu. Nyingine ya mpira niliipa kiazi, nikakichora kabisa. Zdislava alikuwa anatukana kidogo, halafu anageuza dengu kuwa sita na kiazi kuwa nne kabla hakiki haijatoka. Ndivyo tulivyozoeana.

Wiki hii Zdislava alikwenda kwa mama yake kuvuna plamu. Jumatano hakiki ya hii gemu ya msitu nikaituma mwenyewe. Nikaandika 1 na nyota yake. Kile kisanduku cha alama kinakubali tarakimu tu, kwa hiyo kikameza nyota kimya kimya, kikaniambia "Asante."

"Umewaandikia Mizani?"

"Tangu jana. Mara tatu. Inajibu mashine. Inasema alama ya kwanza ikishaingia haibadilishwi, ili wenye gemu wasije wakawabana wahakiki waipandishe."

"Ni sheria nzuri."

"Nzuri sana. Natamani kuipiga kiatu."

Zdislava akakaa, akavua koti sasa, taratibu. Kabla hajaingia kwenye magazeti alifundisha hesabu miaka kumi na moja, na hesabu ikimkera huwa anaifanya kwa sauti. "Kabla yako wahakiki kumi na wanne, wastani themanini na moja. Umeingia wewe na kumi yako. Sabini na sita. Ungeingia na mia, themanini na mbili." Akanitazama. "Na Radana anahitaji ngapi?"

"Themanini."

"Mpaka lini?"

"Leo. Saa sita mchana."

Hakutukana. Ningefurahi kama angetukana.

Radana Sýkorová na wenzake wawili ndio waliotengeneza *Kikapu*, kwenye nyumba ya vyumba viwili kule mtaa wa Židenice, sebule ndiyo ofisi. Ni gemu ya kuokota uyoga. Una kikapu na kisu, unaingia msituni mwezi wa Juni, unatoka Novemba. Bunduki hakuna. Ukila uyoga mbaya unakufa, na hapo huna wa kumlaumu. Mchapishaji wao aliwaambia hivi: wastani ukifika themanini siku ya Ijumaa saa sita, mnatengeneza gemu ya pili. Usipofika, asanteni, kila mtu arudi alikotoka. Radana alikotoka ni kwenye programu za mashine za kulipia maegesho. Aliwahi kuniambia kwamba akirudi kule atajilaza chini ya gari la kwanza litakaloegeshwa.

"Tafuta namba ya simu," Zdislava akasema.

"Hawana. Nimetafuta."

"Kila mtu ana simu, Venda. Hata Mungu anayo, ni vile tu wewe hukusali." Na kweli aliipata, imejificha chini ya ukurasa wa matangazo. Akapiga, akaweka sauti ya wazi. Ukaanza muziki wa kusubirisha wateja. Filimbi.

Filimbi ilikuwa imeshapigwa nusu saa nzima mlango ulipofunguliwa, akaingia Radana.

Nilisimama. Nilijiandaa kwa kofi, kweli, hata miwani nilivua. Lakini alikuwa amebeba gudulia la uyoga wa siki, limefungwa kitambaa juu, akaliweka mezani kwangu.

"Nilikuwekea tangu Jumatano," akasema. "Kabla sijaona namba. Sasa nikarudi nalo nyumbani kufanya nini?"

"Radana, sikiliza, ile nyota—"

"Najua habari ya nyota. Nimesoma shule hapa hapa." Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala. "Mchapishaji hajasoma hapa. Nilimweleza jana. Ananijibu: kwa hiyo nchi yenu yote inahesabu kinyumenyume?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tunahesabu sawa, ila tunaanzia kwa watu wazuri." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. Akavuta kiti. "Hawa wanapiga filimbi hivi tangu saa ngapi?"

"Tangu nikiwa kijana," Zdislava akasema.

Tukakaa watatu tunasikiliza. Saa tano na nusu. Nikafungua gudulia nipate cha kufanya na mikono. Uyoga ulikuwa mtamu na mkali, wenye mbegu za haradali.

"Nataka nikuambie kitu," Radana akasema, "hata ikishindikana. Wale wengine kumi na wanne nimewasoma wote. Wengine wametupa tisini, nashukuru. Lakini hakuna aliyemaliza gemu. Unajua tu. Mtu anasifia ukungu wa Agosti, halafu ghafla anaanza kusifia muziki. Wewe peke yako ndiye uliyeandika kuhusu mwisho. Mwaka mzima tumekaa kwenye ule mwisho, Venda. *Mwisho wake utakaa na wewe siku nyingi.* Nilimsomea baba kwenye simu. Akaniambia nirudie."

Nikasema, "Eeh." Nikala uyoga mwingine.

Zdislava alinitazama juu ya miwani yake. Yule ananijua.

Gemu niliipata siku tatu kabla ya kuandika, na kuimaliza kunataka saa thelathini. Nilicheza vizuri, wallahi, sikulala vizuri, niliupenda ule msitu kweli. Nikafika Oktoba. Oktoba kuna mto, mvua imebeba daraja, na ng'ambo ya pili ndiko gemu inakoendelea. Nilizunguka ule mto kwa saa nne nzima. Nilijaribu gogo. Nilijaribu kuogelea nikazama mara kumi na tisa. Nilijaribu kurudi Septemba. Mwisho nikarusha pedi ya kuchezea kwenye sofa, nikapasha supu, nikaandika ile sentensi. Nilijiambia kila mwisho hukaa na mtu siku nyingi, kwa hiyo si uongo mtupu. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa hoja za namna hiyo hiyo.

Filimbi ikakatika.

"Mizani, huduma kwa vyombo vya habari, Otília anaongea."

Sote watatu tuliruka. Zdislava alianza kueleza kwa kile Kiingereza chake cha darasani, alama, kosa, nyota, na yule dada akamkatiza. "Samahani mama, mnapiga kutoka Brno? Ongea tu Kicheki. Mimi wa Trnava."

Mslovakia! Kati ya watu wote wa dunia, filimbi imetutupa kwa Mslovakia, jirani anayeelewa lugha yetu na aliyesoma kwa alama zile zile. Nikampokonya Zdislava simu.

"Dada Otília, naitwa Venda, ndimi niliyeandika ile hakiki ya *Kikapu*. Niliipa moja. Kisanduku kikameza nyota."

Kikaja kicheko, kicheko hasa, cha mtu aliyejifunika mdomo asisikike meza ya jirani.

"Moja na nyota! Jamani! Mama yangu alikuwa mwalimu, aliwahi kunipa nne mbele ya darasa zima, nyumbani akanipikia ndiyo tukasameheana. Na hapa wenzangu wamekaa juzi nzima wanashangaa, huyu mtu mbona anasifu na kuua papo hapo? Nikawaambia huyo lazima katoka kwetu. Hawakunielewa."

"Kwa hiyo inabadilishika?" Radana alinong'ona.

"Kwa hiyo inabadilishika?" nikauliza kwa sauti.

"Kuweka alama mpya haturuhusiwi. Kusahihisha kosa la kipimo tunaruhusiwa, nikiweka jina langu chini. Ngoja." Vidole vikasikika kwenye kibodi. Saa ya ukutani: dakika kumi na mbili kabla ya saa sita. "Moja yenye nyota, ni sawa na mia. Nimeandika. Sababu: shule. Imebaki kuthibitisha."

Radana alinishika mkono. Zdislava alifumba macho, midomo inacheza, nadhani alikuwa anagawanya kwa kumi na tano tena.

"Nakushukuru, Otília, hujui tu," nikasema. "Bonyeza, dada, ubarikiwe."

"Nabonyeza. Ila kaka Venda, kabla sijabonyeza…" Akashusha sauti, ikawa ya mtu anayeomba kitu kazini asichoruhusiwa kuomba. Radana aliinama karibu na simu asikie vizuri, bado anatabasamu. "Wahakiki wote nimewasoma, ni wewe peke yako uliyefika mwisho. Mimi nimekwama Oktoba siku nne, mume wangu ananicheka. Nakuomba, niambie: ule mto uliuvukaje?"