Mji wa Wenye Sababu

Nalala mchana, jambo ambalo mwalimu wa hesabu hapaswi kulifanya akiwa na rundo la madaftari ya kidato cha pili ya kusahihisha, lakini macho hayaulizi ratiba, na chumba cha pili mke wangu Mwantumu anapanga nguo kwenye begi, na kila nguo anayoikunja naisikia. Anaondoka kwa treni ya jioni. Binti yetu Zamda amejifungua mapacha kule Tabora, na mama yake anakwenda kumsaidia kulea, mwaka mzima, labda na zaidi. Kabla sijajinyoosha kwenye kochi amesimama mlangoni na kuniuliza, Baba Zamda, wewe unaonaje, niende au nibaki? Nami, kama kawaida yangu, nimempa hoja: watoto wawili, mama mmoja, baba yao kazini kutwa, mimi ni mzima, naweza kupika wali, hata kufua naweza. Kwa hesabu zote, nenda. Ameniangalia kidogo, amesema haya, amerudi kwenye begi lake. Sijamwambia kwamba sitaki aende. Kutotaka si sababu, na mimi sina desturi ya kusema jambo lisilo na sababu.

Sasa upepo unaubamiza mlango wa mbele, nainuka kuufunga, na nje hakuna kibaraza wala jirani, kuna barabara nyeupe, na miguu yangu imeshaianza kabla sijaamua. Barabara inagawanyika njia mbili. Nafikiri, nachagua ya kulia kwa kuwa inateremka na magoti yangu si ya jana. Inagawanyika tena, nachagua tena, kwa hoja safi kabisa, na kila nikichagua najikuta kwenye njiapanda ileile, na mbuzi yuleyule ananitazama kwa huruma. Kando ya mbuzi amesimama mtu aliyevaa suti iliyopigwa pasi vizuri, ila uso hana. Mahali pa uso pana ngozi tupu, laini kama tumbo la chungu. Namsalimu, maana adabu haingoji uso. Nauliza mji uko wapi. Anasema, mji uko pale unapoacha kuuliza, ila ukiacha kuuliza hawakuruhusu kuingia. Nasema maneno hayo yanapingana. Anasema, wewe ndiye tuliyekuwa tukikungoja, karibu, na lango liko mbele yangu.

Ndani, nyumba za upande huu zinatazamana na za upande ule, dirisha kwa dirisha, ufa kwa ufa, na barabara ya katikati inang'aa kama kioo, kiasi kwamba mji mwingine unaning'inia chini ya soksi zangu, kichwa chini. Naupenda papo hapo. Hapa hakuna anayefanya lolote bila kueleza kwa nini. Najisemea, hatimaye nimefika kwetu. Sokoni huruhusiwi kununua nyanya hii mpaka useme kwa nini si ile, na mama mmoja ameshika nyanya mbili, moja kila mkono, zinafanana, amesimama hapo hajui tangu lini. Naamua kumsaidia. Chukua ya kulia, nasema, mkono wa kulia una nguvu. Anasema, basi ya kushoto ndiyo inayohitaji kupunguziwa mzigo. Hoja nzuri, nasema, nami nafurahi, natafuta nyingine, naye anaivunja, tunaendelea hivyo, tunazunguka, tunarudi tulikoanzia, na nyanya zinalainika, zinachuruzika, zinatudondokea miguuni, na ndipo naona kwamba yule mama analia kwa njaa. Nasema, mama, chukua yoyote tu. Soko zima linanigeukia, kana kwamba nimetukana mbele ya wakwe.

Naondoka kwa aibu, na barabara, ikipinda na kujirudia, inanifikisha stesheni, na kwenye benchi amekaa Mwantumu na begi lake, na wake ndio uso pekee katika mji huu wote. Nakimbia, simfikii. Katikati yetu kuna dirisha la tiketi, na karani wake ni yuleyule asiye na uso, sasa amevaa kofia ya reli. Anasema, anayetaka kumzuia msafiri atoe sababu hapa. Nasema, nani atanipikia? Lakini wali naupika mwenyewe, nimeshasema. Je, nikiugua? Lakini mimi ni mzima, nimeshasema. Kila hoja ninayoileta naivunja mwenyewe kabla karani hajapumua, maana kazi hiyo naiweza vizuri mno. Treni inaingia. Mwantumu anasimama. Karani anasema, kitendawili. Nasema, tega. Anasema, nimekipima kwa pishi hakijai, nimekipima kwa rula hakina urefu, kikitoka nyumba inabaki tupu. Nasema moshi. Siyo. Harufu. Siyo. Mwanga, nasema, na naanza kuthibitisha kwamba ni mwanga. Umethibitisha vizuri, anasema, lakini siyo. Nipe mji.

Sijawahi kumpa mtu mji. Utotoni, kwenye mkeka wa bibi, wenzangu walishindwa na kuitoa miji kwa kicheko, Lindi, Iringa, Singida, na mimi nilibishana mpaka wakasinzia. Mwantumu anaweka mguu kwenye ngazi ya behewa, nami naogopa, naogopa kweli. Sijui, nasema. Nakupa mji. Upi? Huuhuu. Wote? Wote, na ule wa chini yake. Karani anavua kofia. Anasema, nimekwenda mji wako, nimekula nyanya zote mbili, nimelala na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Na jibu? nauliza. Anacheka, sijui kwa mdomo gani. Jibu hata mimi silijui, anasema, nilikuwa nautaka mji tu. Na nyumba zinaanza kukunjwa moja moja, kama nguo.

Niko kwenye kochi. Pazia limefungwa, na mlangoni amesimama mtu, uso siuoni kwa kuwa mwanga uko nyuma yake. Baba Zamda, anasema, unaongea usingizini, mtu mzima wewe. Nasema, Mwantumu, usiende. Anauliza, kwa nini? Sijui, nasema. Wale watoto wanakuhitaji, na wali naupika. Sitaki tu uende. Nakupenda, na sina cha kuongeza hapo. Kivuli kinakuja, kinakaa ukingoni mwa kochi, na kochi linabonyea. Nitakwenda, anasema, watoto ni wawili, mwenzangu. Lakini wakianza kukaa tu, narudi. Simsikii jirani nje, wala redio yake, na mwanga ulioko mlangoni ni mweupe kupita mwanga wa kwetu. Ningeweza kufungua pazia nikahakikisha kama nimeamka kweli; mwalimu yeyote wa hesabu angefungua. Nasema tena, usiende, naye anasema, rudia.